Mchagua nazi hupata koroma: Kwa nini kusaka kilicho bora kabisa humkosesha mtu utulivu

WAKAZI wengi wa Dar es Salaam wanamfahamu mtu wa aina hii. Ana akiba ya kununua kiwanja, madalali wamemtembeza Kimara, Mbagala na Kigamboni, lakini huu ni mwaka wa tatu hajanunua. Cha Kimara kiko kwenye mteremko, cha Mbagala kimebanwa na majirani, cha Kigamboni kilimpendeza ila alisikia kwamba huenda Bagamoyo kuna kizuri zaidi. Kodi ya chumba anaendelea kulipa, na bei ya ardhi haimsubiri.

Wahenga walikwishamwona mtu huyu waliposema mchagua nazi hupata koroma. Koroma si dafu la kunywa maji yake, wala si nazi iliyokomaa ya kukuna na kukamua tui. Ndiyo inayobaki baada ya wenzake kuchukua zao na kwenda kupika.

Wasomi nao wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1956, Mmarekani Herbert Simon, ambaye mwaka 1978 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi, alieleza kuwa binadamu hana muda, taarifa wala uwezo wa akili wa kupima kila kitu kilichopo kabla ya kuamua. Kwa hiyo huweka kiwango cha kile kinachomtosha, kisha huchukua cha kwanza kinachokifikia. Kuieleza njia hiyo, Simon alitumia neno la Kiingereza linalounganisha maana mbili: kuridhisha na kutosha.

Hapo ndipo wengi hukosea kuelewa. Kutosheka kwa maana ya Simon si uvivu, wala si kupokea chochote kinacholetwa. Masharti hutangulia. Mnunuzi wetu angeweza kuandika manne tu kabla ya kumpigia dalali simu: kiwanja kiwe kimepimwa, umiliki wake uthibitishwe katika ofisi ya ardhi, gari lifike, na bei isivuke akiba yake. Kisichotimiza hata sharti moja kinakataliwa bila huruma, hata kama mandhari yake inavutia. Kinachotimiza yote kinanunuliwa, na utafutaji unakoma siku hiyo. Kazi ngumu, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni hiyo ya kukoma.

Je, anayeendelea kusaka hapati kilicho bora? Mara nyingine hupata. Mwaka 2006, watafiti Sheena Iyengar, Rachael Wells na Barry Schwartz walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi wa vyuo vya Marekani waliokuwa wakitafuta ajira. Wale wenye tabia ya kutaka kilicho bora kabisa walipata kazi zenye mishahara ya kuanzia iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 20. Hata hivyo, ndio walioridhika kidogo zaidi na kazi hizo. Mshahara ulikuwa mkubwa, lakini mawazo yao yalibaki kwenye nafasi ambazo hawakuzipata.

Majuto ya namna hiyo yana chanzo chake. Kila uamuzi una kinachoachwa. Mwalimu Julius Nyerere, akizungumzia Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano mwaka 1969, aliita hotuba yake "Kupanga ni Kuchagua". Taifa lenye fedha kidogo haliwezi kufanya yote kwa pamoja, na mshahara wa mwezi ni vivyo hivyo. Anayetaka kilicho kamili hukataa kuachia, hivyo hukibeba moyoni kile alichokwisha kukiacha.

Bila shaka yako mambo ambayo "inatosha" haitoshi. Nondo za ghorofa, kipimo cha dawa ya mtoto na breki za basi la abiria havina nafasi ya kukadiria. Lakini hayo yana viwango vilivyowekwa na wataalamu, hayamsubiri mtu aulize moyo wake. Taabu iko kwenye kazi, nyumba na mchumba, ambako hakuna mkaguzi wa kupiga muhuri.

Na baada ya kuchagua? Mwaka 2002, Daniel Gilbert na Jane Ebert walichapisha jaribio lililofanyika katika Chuo Kikuu cha Harvard. Wanafunzi walisafisha picha mbili walizopiga wenyewe, wakachagua moja ya kubaki nayo. Baadhi waliruhusiwa kubadili mawazo siku zilizofuata, wengine wakaambiwa uamuzi ni wa mwisho. Waliofungiwa mlango ndio waliozipenda zaidi picha zao. Ajabu ni kwamba wanafunzi hawakuweza kulitabiri hilo: walidhani nafasi ya kubadili isingepunguza chochote katika kuipenda picha.