Boya Lililo Chini ya Mashine

Dada yangu aliporejea Unguja baada ya miaka mingi ya kukaa Uingereza, kontena lililobeba vyombo vyake lilikuwa na vitu viwili ambavyo majirani walikuja kuvitazama makusudi: piano isiyokuwa na mpigaji, na mashine ya kuoshea vyombo. Piano imenyamaza hadi leo. Mashine, walakini, usiku mmoja wa Ramadhani, baada ya futari iliyokusanya watu wengi na sahani nyingi kuliko watu, ilianza kunguruma pasi na kukoma, ikawasha kitaa chekundu na kuandika kiooni herufi moja na tarakimu mbili, na kila alipoibonyeza kitufe inyamaze, ikainuka tena na ngurumo yake. Akanipigia simu, nami, ambaye maarifa yangu ya mashine yametokana na udadisi zaidi kuliko skuli, nikamwomba asiguse kitu mpaka nifike.

Nilikuta maji yametanda sakafuni, membamba, yaking'aa chini ya taa, yamefika mpaka miguuni mwa friji. Na dada, peku, ameshanyoosha mkono kuifuata plagi iliyo nyuma ya kabati. Nikapiga ukelele ambao bado ananilaumu kwao. Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230, nao hauna huruma na mguu mtupu uliokanyaga maji. Kama sakafu ni kavu, na plagi yafikiwa kwa mkono mkavu bila ya kuinama juu ya maji, basi na ichomolewe. Lakini maji yakishatanda, cha kwanza ni kwenda kwenye swichi kuu iliyo karibu na mita na kuuzima umeme wa nyumba nzima, hata kama wageni watabaki gizani na vikombe vyao vya kahawa mkononi, kama walivyobaki wa dada yangu. Kitufe cha mashine chenyewe hakitoshi, kwa sababu huisimamisha kazi tu, wala hakiukati umeme ulio ndani. Baada ya hapo ndipo tulipowasha kurunzi, tukaichomoa plagi, tukaifunga koki iliyo chini ya sinki, kisha tukapangusa sakafu. Mlango tuliuacha umefungwa kwa muda, maana maji ya mashine hizi huchemshwa hata yakafikia nyuzi 60 na zaidi, na mvuke wake huunguza.

Sasa, ili mtu afahamu mashine inalalamikia nini, yafaa aujue mpango wake wa ndani. Vyombo huoshwa ndani ya hodhi la chuma, na chini ya hodhi hilo, mahali ambapo mwenye nyumba aghalabu hapaoni mpaka siku ya shida, pana sinia la plastiki lililoenea chini ya mashine, na ndani ya sinia limekaa boya dogo jeupe, jepesi mno, la ile bidhaa kama povu lililoganda ambayo hufungiwa televisheni mpya ndani ya maboksi. Sinia hili latakiwa liwe kavu siku zote. Maji yakidondokea humo, hata yakiwa ya vikombe vichache tu, boya huelea, na likielea huisukuma swichi, na swichi ikisukumwa koki ya ndani huzuia maji mapya yasiingie na pampu huamrishwa iyatoe yaliyomo. Katika mashine za Bosch na Siemens alama ya hali hii ni E15, na katika nyingi za AEG na Electrolux ni i30. Nyenginezo zina alama zao, nazo zimo katika kile kitabu ambacho kila mtu hukitia kwenye saraka siku ya kwanza na kukisahau.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalitanabahi, nami sikulitanabahi mpaka niliposumbuka: pampu ile huvuta maji ya hodhi, haivuti ya sinia. Kwa hiyo hodhi litakauka, pampu itanguruma mpaka alfajiri, na yale maji ya sinia yatakaa pale pale, na boya likielea juu yake, kwani hayana njia ya kutokea ila kwa mkono wa mtu au kwa kukauka yenyewe.

Fundi aliyeitwa asubuhi yake aliijua siri hii nusu. Aliikumbatia mashine, akailaza kwa nyuma, maji yakamwagika miguuni mwake, boya likashuka, na mashine ikatulia kama mtoto aliyenyonya. "Tayari, mama," akasema, akapokea ujira wake akaenda zake. Hila hii ni mashuhuri, nami siipendi kwa sababu mbili. Kwanza, mashine ni nzito, nayo ikilazwa maji yaliyobaki hukimbilia mahali pasipotakiwa, pengine kwenye nyaya zake, na mipira ya maji iliyo nyuma hukunjika au kuchomoka. Pili, na hili ndilo kubwa, maji yaliyokuwa siniani ndiyo shahidi pekee wa kosa, naye fundi amemtoa shahidi nje kabla ya kumwuliza neno. Siku ya tatu mashine ilinguruma tena.

Safari hii hatukuilaza. Umeme umezimwa, koki imefungwa. Tukafungua skurubu mbili za ubao wa chini kwa mbele, tukamulika kwa kurunzi, na maji yakaonekana. Nikayagusa kwa sifongo lililofungwa kwenye ufito, nikalikamua ndani ya bakuli, na yaliyotoka yalikuwa na povu. Nikaufungua mlango, na kwenye ukingo wake wa chini, palipo na raba, pakawa na utando mweupe uliokauka. Nikamwuliza dada ametia sabuni gani. Dada akatazama dari. Ile sabuni makhsusi ya mashine ilikuwa imekwisha tangu mwanzo wa mwezi, na kijana wa nyumba, kwa nia njema, alikuwa akitia kijiko cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono, kwa dhana ya kwamba sabuni ni sabuni. Sabuni ya mashine imeundwa isitoe povu. Hii nyengine hutoa povu, na povu likirushwarushwa hujaza hodhi, hupenya kwenye raba na kudondokea siniani. Mashine haikuwa na kasoro hata moja.

Tulilichota povu, tukalikausha sinia kwa sifongo na kitambaa, tukaliwekea feni siku nzima, kisha tukatandika gazeti kavu chini ya mashine, mbele, pembeni na nyuma, tukaiendesha mara moja kwa maji matupu, nasi tumekaa vitini tukiitazama. Gazeti hili ni hakimu mwema. Likilowa mbele, shaka ni raba ya mlango, au mashine imeinama mbele, jambo ambalo pimamaji ya mwashi hulifichua, au sahani ndefu imeuzuia ule mkono unaorusha maji usizunguke, ukawa unapiga mlangoni. Likilowa nyuma, tazama mpira na viungo vyake. Lakini kama kwenye koki mpira unaishia kwa kijisanduku cha plastiki, usikifungue wala usiukate mpira, maana kwa aghalabu ndani yake umepita waya wa umeme. Chujio la chini ya hodhi lisafishwe kwa glavu, kwani vipande vya bilauri hupenda kujificha humo. Na kama gazeti ni kavu lakini sinia linalowa, basi maji yanatoka tumboni, kwenye pampu au kwenye mipira ya ndani, na hapo kazi yako imekwisha: zima, funga, mwite fundi.

Mwanamke wa Illinois, Marekani, Josephine Cochrane, aliyepewa hataza ya mashine yake ya kuoshea vyombo mwaka 1886 na kuionyesha katika maonyesho ya Chicago mwaka 1893, inasemwa kuwa alichoshwa na watumishi waliomvunjia sahani zake za thamani. Mafuriko jikoni hayakuwa hoja yake. Boya lilikuja baadaye, na tangu lije limeokoa sakafu nyingi za watu wanaokaa ghorofani, na dari za majirani wao wa chini.

Gazeti la dada yangu lilitoka kavu, na mashine inafanya kazi. Yule fundi alikuwa ameshapendekeza, kwa bei nafuu, kulifunga boya kwa uzi lisiinuke tena. Akikujia wewe na rai hiyo, mpe nauli yake, umfungulie mlango.