Moshi wa Makaa, Njaa na Uzito wa Mtoto Anayezaliwa

Mtoto anayezaliwa akiwa na chini ya gramu 2,500, yaani kilo mbili na nusu, huhesabiwa kuwa na uzito mdogo. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF yanaonyesha kuwa mwaka 2020 watoto milioni 19.8 duniani walizaliwa hivyo, takriban mmoja kati ya kila saba.

Mtoto kama huyo hupoteza joto haraka, huchoka upesi anaponyonya na hushambuliwa na maambukizi kwa urahisi. Akiponea wiki za kwanza, bado yuko katika hatari kubwa zaidi ya kudumaa. Ndiyo maana mkunga hukimbilia mizani mara tu mtoto anapozaliwa. Lakini mizani husoma tu kilichokwisha kutokea. Uzito wenyewe hujengwa miezi mingi kabla ya uchungu, na katika Turkana baadhi ya mambo yanayoupunguza yamo katika kazi za kila siku za mama.

Mdogo kwa sababu gani?

Watoto wadogo wako wa aina mbili. Kuna wanaozaliwa mapema, kabla ya wiki 37 za mimba kutimia. Wengine hufikisha muda wao, lakini hawakupata chakula na hewa ya kutosha tumboni. Baadhi yao hupatwa na mambo yote mawili kwa pamoja.

Mtoto hupata kila kitu kupitia kondo la nyuma, na sehemu kubwa ya uzito wake huongezeka katika miezi mitatu ya mwisho. Katika wiki ya 28 huwa na takriban kilo moja. Wakati wa kuzaliwa hutarajiwa kuwa na kama kilo tatu. Miezi hiyo mitatu ikiangukia wakati wa ukame, mama akiwa na njaa na kazi nyingi, mtoto hulipa kwa uzito wake.

Makaa ya mawe kwingine, makaa ya miti hapa

Turkana haina mgodi wa makaa ya mawe. Hata hivyo, kuna la kujifunza kutoka kwa wenye migodi hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu jimbo la West Virginia, Marekani, ulionyesha kuwa akina mama wanaoishi katika maeneo yenye uchimbaji mkubwa walikuwa na uwezekano wa asilimia 16 zaidi wa kupata mtoto mwenye uzito mdogo, hata baada ya watafiti kuzingatia mambo mengine kama uvutaji wa sigara. Akina mama hao si lazima wawe wameshika sururu. Walikuwa wakiishi tu karibu na kazi hiyo.

Hapa kwetu makaa hutokana na miti, hasa mathenge, ambao wengi huuita etirae. Kati ya Lodwar na Kakuma, kuchoma na kuuza makaa ni riziki ya familia nyingi, na tangu kambi ya Kakuma ilipoanzishwa mwaka 1992 soko lake limekuwa kubwa. Wanaokata, wanaochoma, wanaobeba na wanaouza mara nyingi ni wanawake. Wengine wao ni wajawazito.

Moshi wa tanuru la makaa, sawa na moshi wa kuni ndani ya akai, una gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania chembe nyekundu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu inayomfikia mtoto hubeba hewa kidogo. Vumbi laini la moshi nalo huingia ndani kabisa ya mapafu ya mama na kuathiri mishipa ya damu inayolisha kondo. Mama anaweza kuhisi kichwa kinauma tu, kumbe mtoto anakosa hewa.

Juu ya moshi kuna mzigo. Kuinama siku nzima, kukata miti juani na kubeba gunia kwa mwendo mrefu hutumia nguvu ambazo mwili ungezipeleka kwa mtoto.

Ukame huunganisha hatari zote

Familia haichomi makaa kwa kupenda. Mifugo ikifa au bei ya mbuzi ikishuka, makaa ndiyo hubaki ya kuuzwa. Katika ukame mrefu ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, misimu mitano ya mvua mfululizo ilishindwa. Nyakati kama hizo maziwa hukauka, unga hupanda bei na kazi ya makaa huongezeka. Hivyo mama mjamzito hufanya kazi ngumu zaidi na kuvuta moshi mwingi zaidi wakati uleule anapokula kidogo zaidi.

Zipo hatari nyingine zinazojumuika na hizo:

- Upungufu wa damu. Chakula chenye madini ya chuma kikikosekana, damu hubeba oksijeni kidogo. Mama anayevuta moshi huku akiwa na upungufu wa damu huathirika mara mbili. Kutafuna odowa si tiba ya hali hii, na chai kali wakati wa kula huzuia madini ya chuma kuingia mwilini.
- Malaria. Ukavu wa nchi haumaanishi kwamba hakuna mbu. Hupatikana kando ya Mto Turkwel, kwenye laga na kwenye maji yaliyohifadhiwa nyumbani. Vimelea vya malaria hujificha kwenye kondo na kuzuia chakula kumfikia mtoto.
- Maziwa mabichi. Yanaweza kuwa na viini vya bruselosisi, ugonjwa unaoweza kusababisha mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa mapema.
- Tumbaku na pombe. Tumbaku ya kutafuna ina nikotini sawa na sigara, nayo hubana mishipa ya damu.
- Mimba za utotoni na zinazofuatana upesi. Mwili wa msichana bado unakua, na mwili wa mama aliyejifungua karibuni haujarudisha nguvu zake.
- Kujinyima chakula. Wako wanaoamini kwamba mama akila sana mtoto atakuwa mkubwa na uzazi utakuwa mgumu. Mtoto mdogo hahakikishi uzazi rahisi, na akizaliwa yuko katika hatari kubwa zaidi.

Yanayoweza kufanywa nyumbani

Kumwambia mama aache makaa bila kumwonyesha atakula nini si ushauri. Lakini familia inaweza kubadilisha nani anafanya nini. Kukata miti, kulinda tanuru na kubeba magunia kufanywe na mume, vijana wakubwa au jamaa wengine. Mjamzito abaki na kazi nyepesi kama kuuza, akiwa kivulini na mbali na moshi. Tanuru lichomwe mbali na boma, upande ambao upepo hauleti moshi nyumbani. Ikiwa lazima apite karibu nalo, apite upande unakotoka upepo.

Jikoni, ni heri kupikia nje au mahali penye upenyo mkubwa wa hewa, kutumia kuni zilizokauka vizuri na, inapowezekana, jiko linalotumia kuni au makaa machache. Jiko la makaa lisiingizwe ndani usiku ili kuleta joto, hata kama halitoi moshi, kwa kuwa gesi yake huua watu wakiwa usingizini.

Kuhusu chakula, mjamzito anahitaji mlo mmoja wa ziada kila siku, hata kama ni mdogo. Maharagwe, samaki wa Ziwa Turkana, maziwa yaliyochemshwa, nyama na mboga za majani vyote husaidia. Palipo na kidogo, yeye apakuliwe kwanza.

Yanayopatikana kliniki

WHO inapendekeza mjamzito akutane na mhudumu wa afya angalau mara nane, mara ya kwanza ikiwa kabla ya wiki 12. Wengi husubiri hadi tumbo lionekane, na kufikia hapo nafasi ya kurekebisha mengi imeshapungua. Kliniki mama hupimwa damu, shinikizo, mkojo, HIV na kaswende. Hupewa vidonge vya madini ya chuma na foliki vya kumeza kila siku, na huangaliwa kama mtoto anakua. Mkono wake wa juu pia hupimwa kwa utepe. Ukionyesha utapiamlo, huingizwa kwenye mpango wa chakula cha nyongeza. Mwambie mhudumu ikiwa kazi yako ni ya makaa. Asipojua, hawezi kukushauri.

Usisubiri siku ya kliniki ukiona damu, maji yakitoka kabla ya wakati, kichwa kikiuma sana, macho yakififia, homa ikipanda au mtoto akipunguza kucheza. Nenda kituo cha afya kilicho karibu mara moja. Mhamasishaji wa afya ya jamii katika kijiji chako anaweza kusaidia kupanga safari.

Mtoto akizaliwa mdogo

Kuzaliwa mdogo si laana wala si hukumu. Mwaka 1978, madaktari wa Bogotá, Colombia, waliokuwa na upungufu wa mashine za joto, walianza kuwaweka watoto wadogo kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo, inayojulikana kama malezi ya kangaruu, leo inapendekezwa na WHO kwa watoto wote wadogo, kuanzia mara tu wanapozaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Baba au nyanya anaweza kupokezana na mama.

Mtoto aliyezaliwa nyumbani apelekwe kupimwa uzito ndani ya saa 24. Njiani abebwe kifuani ngozi kwa ngozi, amevaa kofia na kufunikwa, hata kama jua ni kali. Asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita, na asipewe maji wala maziwa ya mbuzi. Anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Akishindwa kunyonya, maziwa yakamuliwe na anyweshwe kwa kikombe kidogo safi huku akipelekwa hospitalini haraka.