Mashine ya kufyekea iliyotupwa stoo: Ipime kabla ya kuiuza chuma chakavu

MVUA zinapoanza Oktoba na Novemba katika nyanda za juu za Kigoma, nyasi huota kwa kasi kuliko mikono inayozifyeka. Katika wilaya za Kasulu na Kibondo msimu huo huendelea hadi Aprili au Mei, na kwa muda wote huo mashamba ya migomba na kahawa, viwanja vya shule, zahanati na makanisa huhitaji kufyekwa tena na tena.

Wakati huo huo, si ajabu kukuta kwenye stoo mashine ya petroli ya kufyekea nyasi, ile ya kubeba begani yenye uzi wa nailoni, imeegemezwa ukutani na kujaa vumbi. Ilikataa kuwaka, mwenyewe akavuta kamba hadi mkono ukamuuma, akaiacha. Mwisho wake huwa ni kwa mnunuzi wa chuma chakavu, inakopimwa kwa kilo.

Mashine ya namna hiyo mara nyingi haijafa, imeziba tu. Lakini zipo pia zilizokufa kweli, na mfanyabiashara anayenunua bila kupima anaweza kuuzika mtaji wake wote ndani ya chuma kisichowaka. Tofauti kati ya hizo mbili inaweza kuonekana kwa nusu saa, kwa bisibisi na spana ya plagi.

Kinachoziua

Nyingi ya mashine hizi hazina mahali pa kuweka oili kama ilivyo kwa injini ya bodaboda. Oili huchanganywa ndani ya petroli, na mchanganyiko huo ndio unaolainisha pistoni, ringi na bearing. Wazee waliowahi kuendesha pikipiki za zamani za kuchanganya oili wanalifahamu jambo hilo. Kijana aliyezoea bodaboda anaweza kujaza petroli tupu moja kwa moja kutoka kituoni, na kwa muda mfupi pistoni ikakwaruzika na kukwama. Hicho ndicho kifo cha kweli.

Ugonjwa wa pili hauui, bali hulaza. Msimu wa kufyeka ukiisha Mei, mashine huwekwa na petroli ndani ya tangi. Petroli huanza kuharibika baada ya mwezi mmoja hivi. Sehemu yake nyepesi hupotea hewani, inayobaki hugeuka utando wa kunata unaoziba vitundu vyembamba vya kabureta. Mipira ya ndani ya kabureta nayo hukakamaa. Mvua zikirudi Oktoba mashine haiwaki, na mwenyewe hudhani injini imekufa.

Pima kabla ya kulipa

Hatua ya kwanza ni kuvuta kamba polepole, plagi ikiwa mahali pake. Injini nzima hukaza mkono, ikaachia, kisha ikakaza tena. Kamba ikija laini bila kipingamizi chochote, nguvu ya mgandamizo, ambayo mafundi huiita kompresheni, imepotea. Fundi wa pikipiki mwenye geji anaweza kuthibitisha: usomaji wa chini ya psi 90 ni dalili mbaya. Kamba ikigoma kabisa kuvutika, huenda pistoni imekwama.

Hatua ya pili ni kufungua ekzosi na kuchungulia pistoni kupitia tundu lake. Pistoni yenye uso laini inatia moyo. Ikiwa na mikwaruzo ya kushuka chini kama iliyopigwa msasa, mashine hiyo inunuliwe kwa bei ya spea tu, au iachwe.

Hatua ya tatu ni moto wa plagi. Plagi ifunguliwe, isafishwe, irudishwe kwenye kofia yake na kuegemezwa kwenye chuma cha injini, kisha kamba ivutwe. Cheche ya buluu ikionekana, upande wa umeme ni mzima. Jaribio hili lisifanywe karibu na petroli. Cheche isipoonekana, jaribu plagi mpya, kisha chomoa waya wa swichi ya kuzimia, kwani waya uliochubuka na kugusa chuma huzima moto wote. Bado hakuna kitu? Koili ndiyo ya kushukiwa, na bei yake iulizwe kabla ya kununua mashine.

Mashine yenye kompresheni, pistoni laini na cheche ni ya kununua. Kilichobaki kwa kawaida ni mafuta.

Kazi yenyewe

Mwaga petroli yote ya zamani. Kagua mipira ya mafuta. Ikiwa imepasuka au imekuwa migumu kama plastiki, badilisha yote, pamoja na filta ndogo iliyo ndani ya tangi. Kipira cha kupampu mafuta kilichotoboka nacho kibadilishwe, maana hewa ikiingia hapo injini haitapata petroli ya kutosha.

Kabureta ifunguliwe juu ya sinia au kitambaa cheupe ili skrubu ndogo zisipotee. Kabla ya kutoa skrubu za kurekebishia, zifunge taratibu huku ukihesabu mizunguko na kuiandika, ili zirudi zilipokuwa. Safisha vitundu kwa petroli safi na upepo wa kompresa. Usichokoe kwa waya wa chuma, kwani kitundu kikipanuka hata kidogo kabureta haitatulia tena. Mipira iliyokakamaa ibadilishwe.

Safisha chujio la hewa, na ondoa masizi kwenye wavu wa ekzosi, maana ekzosi iliyoziba huifanya injini iwake na kufa bila nguvu. Mapezi ya silinda nayo yakaguliwe: nyigu hujenga humo viota vya udongo, na injini isiyopata upepo huungua. Mwisho, tia grisi kwenye giaboksi ndogo iliyo chini ya mpini.

Kwa mchanganyiko, fuata maelekezo ya mtengenezaji. Mashine zinazotaka 50 kwa 1 hupewa mililita 20 za oili ya 2T kwa kila lita ya petroli, yaani mililita 100 kwa dumu la lita tano. Zinazotaka 25 kwa 1 hupewa mara mbili yake. Zipo chache zenye kifuniko cha kumiminia oili kama cha bodaboda. Hizo hazichanganyiwi.

Kasulu na Kibondo ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Mashine iliyorekebishwa Pwani inaweza kutoa moshi mwingi huku plagi ikilowa na kuwa nyeusi, kwa kuwa petroli imezidi hewa. Skrubu ya kabureta ipunguzwe kidogo sana, kwa uangalifu: injini iliyopunjwa petroli hupata joto kupita kiasi na kuharibu pistoni.

Spea na hesabu

Spea ikikosekana mjini, mwenye mashine wa Kasulu huangalia Kigoma, na wa Kibondo huweza kuagiza kupitia njia ya Nyakanazi na Kahama. Wengine huagiza Kariakoo. Popote pale, ni vyema kutuma spea ya zamani kama sampuli, kwa sababu kabureta mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana matundu ya boliti.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme, kwa mfano tu, mashine imenunuliwa Sh40,000, kabureta na plagi Sh45,000, mipira na filta Sh10,000, fundi Sh20,000 na usafirishaji Sh5,000. Jumla ni Sh120,000. Ikiwa kila kiwanja kinachofyekwa kinabakiza Sh8,000 baada ya kutoa petroli, oili, uzi na posho ya kijana, mtaji utarudi baada ya viwanja 15. Bei halisi mhusika aziulize mwenyewe. Lakini gharama zote zikizidi nusu ya bei ya mashine mpya, ni busara kufikiri mara mbili.

Matumizi na utunzaji

Uzi wa nailoni usikaribishwe kwenye mashina ya kahawa wala miche ya miti. Unachubua gome, na jeraha hilo hufungulia magonjwa njia. Mzunguko wa shina uachiwe jembe au mkono. Mfyekaji avae miwani na buti, na watu wengine wakae umbali wa mita 15, kwani jiwe dogo likirushwa linaweza kupofua jicho. Petroli ijazwe injini ikiwa imezimwa na kupoa.

Msimu ukiisha, tangi limwagwe, kisha injini iwashwe hadi izime yenyewe ili kabureta ibaki kavu. Kazi hiyo ya dakika tano mwezi Mei ndiyo inayoamua kama Oktoba mashine itakwenda shambani, au itakwenda kwenye mizani ya chuma chakavu.