Lizombe Mbili Kwenye Skrini Moja: Video na Uhakiki wa Fasihi Simulizi

Wahakiki wengi wa fasihi simulizi tuna mazoea ambayo hatuyasemi. Tunakwenda uwandani, tunarekodi ngoma, kisha tukirudi tunanakili maneno ya wimbo kwenye karatasi na kuihakiki karatasi. Ngoma yenyewe tunaiacha ndani ya simu. Makala haya yanaeleza njia moja nyepesi ya kuirudisha ngoma katika uhakiki, yaani kuonyesha klipu mbili za video ubavu kwa ubavu kwa kutumia programu ya kuhariri. Yanaonya pia kwamba njia hiyo isipoangaliwa hudanganya kuliko karatasi.

Kwa nini klipu mbili? M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989, alisisitiza kuwa fasihi simulizi ni tukio. Lina fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Ukibadilisha kimoja, tukio zima linabadilika. Sasa, mabadiliko hayo utayaonaje kama unatazama onyesho moja tu?

Hebu tuchukue mfano wa Songea. Lizombe, ngoma ya Wangoni, huweza kuchezwa kwenye harusi kijijini. Huweza pia kuchezwa Songea mjini, kwenye Makumbusho ya Majimaji, wakati wa kuwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Tuseme mwanafunzi amerekodi zote mbili, na wimbo ni uleule. Kwenye karatasi atapata maneno karibu sawa, naye ataandika kwamba hakuna tofauti. Lakini harusini watu wanaingia na kutoka uwanjani wanavyopenda, na kwenye kumbukumbu kuna viongozi waliokaa na wachezaji wamewageukia. Hiyo ni tofauti ya hadhira, na jicho ndilo linaloiona.

Kazi yenyewe si ngumu. Programu kama Kdenlive na Shotcut hupatikana bure. Fungua mradi, weka klipu ya kwanza kwenye njia moja ya video na ya pili kwenye njia iliyo juu yake. Ukicheza sasa utaona ya juu tu, kwa kuwa imeifunika ya chini. Basi punguza kila moja iwe asilimia 50 ya ukubwa wake, moja uisogeze kushoto na nyingine kulia. Zima sauti ya moja, usikilize nyingine, halafu ubadilishe. Sauti zote mbili zikipigwa pamoja ni kelele tupu.

Swali la kwanza la kihakiki ni: zianzie wapi? Usifuate saa ya kamera. Chagua alama iliyo ndani ya ngoma, kwa mfano kiitikio cha kwanza au pigo la kwanza la ngoma kubwa. Kama unachunguza wimbo, linganisha kwa mlio. Kama unachunguza miguu, linganisha kwa picha, pale mkono unapogusa ngozi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Aliyerekodi akiwa mita 34 kutoka kwenye ngoma atausikia mlio sehemu ya kumi ya sekunde baada ya kuuona mkono, na katika video ya fremu 25 kwa sekunde hizo ni fremu mbili na nusu. Kwa mtu anayehesabu hatua za wachezaji, si kidogo hicho.

Baada ya muda klipu zitaachana, moja itatangulia. Hapo wengine hushawishika kuiharakisha iliyochelewa ili ziende sambamba. Usithubutu! Kuachana huko ndiko ulikokuwa unakutafuta: huyu fanani amerefusha wito, yule amekatiza, hawa wameitikia mara tatu badala ya mbili. Ukizilazimisha zilingane umejifutia ushahidi mwenyewe.

Balaa kubwa zaidi liko kwenye kukata. Skrini ya kawaida ina pikseli 1920 kwa 1080. Klipu mbili zikipunguzwa nusu, kila moja inabaki na 960 kwa 540, na juu na chini panabaki weusi. Wengi hawaupendi weusi huo, eti unaharibu picha. Wanaikuza klipu mpaka ijaze upande wake, halafu wanakata kingo. Picha inapendeza, lakini nusu ya upana wake imetupwa. Na kingoni kuna nani? Kuna akina mama wanaopiga vigelegele, watoto wanaoiga hatua, mzee anayetoa pesa kumtuza mchezaji. Hao ndio hadhira ya Mulokozi. Tumeingia na kamera ili tuikomboe hadhira, kisha tumeifuta kwa kubofya mara moja! Afadhali weusi ubaki.

Mwisho, tujihadhari na kushoto na kulia. Kwa kuwa tunasoma kuanzia kushoto, kilichoko kushoto huonekana ndicho asili na cha kulia ndicho nakala iliyoharibika. Mmarekani Albert Lord, akiendeleza utafiti alioufanya na mwalimu wake Milman Parry huko Yugoslavia miaka ya 1930, alieleza katika The Singer of Tales (1960) kwamba katika utungaji wa papo kwa papo kila onyesho ni asili kwa haki yake. Kwa hiyo toa matoleo mawili ya video yako, la pili likiwa na pande zilizobadilishwa, uwaonyeshe wenzako yote. Kisha warudishie wachezaji wenyewe, wa harusini na wa makumbusho, waseme wao wanaona nini. Mhakiki asiyethubutu kuwaonyesha wenye ngoma kazi yake, ajiulize anamwandikia nani.