Gari inachemsha? Usitupe themostati kwanza!

Wadau, enzi za kivuko hapa Kigongo, gari kuchemsha kwenye foleni ilikuwa kawaida. Tangu Juni 2025 tunapita Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3, dakika chache tu uko Busisi. Lakini gari zingine bado zinachemsha, na mafundi wengine dawa yao ni moja: "Toa themostati, tupa!" Subiri kwanza.

Themostati ni kidude chenye nta ndani. Kinazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, mara nyingi nyuzi 82 hadi 90. Hapo nta inavimba, mlango unafunguka.

Pima hivi: injini ikiwa baridi, hakikisha maji yamejaa, washa, kisha gusa paipu ya rejeta upande iliko themostati (gari nyingi ni ya juu). Chunga feni!

1. Geji inakimbilia nyekundu, paipu bado baridi: imeganda ikiwa imefunga. Zima haraka, utaunguza gasketi ya hedi.
2. Paipu inapata joto taratibu tangu mwanzo, geji haipandi: imeganda wazi.

Uhakika zaidi, itoe, ining'inize kwenye sufuria ya maji jikoni. Maji yakichemka haijafunguka, imekufa, nunua mpya.

Ikiwa nzima, kagua feni, pampu na rejeta. Ukiitupa tu, injini inachelewa kupata joto, inakula mafuta na kuchakaa. Na mfuniko wa rejeta usifungue ikiwa ya moto jamani!

Nawasilisha.