Mhandisi wa Mwaka wa Kwanza

Kabla ya mwaka 1973 vijana wetu walikwenda Nairobi kusomea uhandisi; tangu mwaka huo wausomea hapa Mlimani, Dar es Salaam. Aingiaye huko ni hodari, hilo halina ubishi. Lakini shuleni alizoea kukariri, na mwalimu humfuata. Chuoni mhadhiri hueleza mara moja, tena kwa Kiingereza, akaenda zake. Uchoraji wa kihandisi nao humtaka aone kwa akili chombo asichopata kukishika. Wengi huona aibu kuuliza. Ni aibu hiyo, twaamini, kuliko uchache wa akili, iwaangushayo. Nanyi wafanyakazi, mwaka uishapo akaletwa karakanani kwa mafunzo ya vitendo, msimcheke kwa kutojua kushika tupa. Mwonyesheni.