Tamthilia za Korea Katika Nyumba ya Askari

Jioni inapoingia katika miji ya Jinja na Mbale, watu wengi huketi kutazama tamthilia za Korea ya Kusini. Wahusika husema Kikorea, lakini juu ya sauti zao husikika sauti ya mfasiri, aitwaye VJ, akieleza mambo kwa Kiganda na kutia mzaha wake mwenyewe. Ufundi huo ulikomaa katika vibanda vya video, kisha ukaingia majumbani. Hivyo hata asiyejua Kiingereza huweza kukifuata kisa mpaka mwisho.

Mwaka 2016 shirika la KBS la Korea lilionyesha tamthilia ya sehemu 16 iitwayo Descendants of the Sun. Ni habari za Kapteni Yoo Si-jin wa kikosi maalumu na daktari Kang Mo-yeon. Wanapendana, lakini kila waketipo pamoja kapteni huitwa kazini, wala hawezi kusema aendako. Daktari hayawezi maisha hayo, wakaachana, mpaka walipokutana tena katika nchi ya kubuni iitwayo Uruk.

Ndugu msomaji, mfikirie mke wa askari wa Jinja akitazama kisa hicho, naye mumewe aliwahi kupelekwa Somalia, ambako majeshi ya Uganda yaliingia Machi 2007. Simu ya kapteni inapolia, wengine hucheka. Yeye hunyamaza, kwa kuwa anaijua simu hiyo. Kwanza humlaumu daktari kwa kukosa subira. Baadaye humwonea huruma, kwa maana yeye mwenyewe amekwisha kujiuliza maswali yale yale usiku.

Katika tamthilia hiyo pia yumo Sajini Seo Dae-young, anayempenda Luteni Yoon Myung-ju, binti wa jenerali, na baba anapinga. Hapo mtazamaji hahitaji kufasiriwa. Katika kambi yoyote, cheo cha mume humfuata mke hata bombani.

Mama mkwe wake, aishiye Mbale chini ya Mlima Elgon, hutazama kwa jicho jingine. Yeye hufurahi kuona vijana wa Korea wakiwainamia wazee na kupokea kitu kwa mikono miwili, kama watoto waliolelewa vema hapa kwetu. Lakini katika Boys Over Flowers ya mwaka 2009, mama tajiri anamkataa binti wa mwenye duka la kufulia nguo. Mkwe humwona mama huyo kuwa mkatili. Mama mkwe husema kwamba mzazi ana haki ya kumchunguza anayeingia katika ukoo wake. Wakibishana hivyo kwa simu, wawili hao huweza kuambiana mambo ambayo wasingethubutu kuambiana waziwazi: nani anapewa fedha anazotuma mwana, na nani anaulizwa kwanza.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo tamthilia huachana na maisha. Kapteni Yoo anatangazwa kuwa amekufa vitani, na baada ya mwaka mmoja anarudi akiwa hai. Tarehe 26 Mei 2023 kambi ya Buulo Mareer nchini Somalia ilishambuliwa, na Rais Museveni akatangaza kwamba askari 54 wa Uganda waliuawa. Katika nyumba zao hapakuwa na sehemu ya mwisho ya kumrudisha baba mlangoni. Kwa hiyo mume asimcheke mkewe anayelia mbele ya televisheni. Huenda analilia jambo ambalo hajapata nafasi ya kulisema.

Askari aliye likizoni na aketi naye, watazame pamoja, kisha amwulize ni wapi palipomgusa. Hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo yanayoahirishwa kila safari: hati za kiwanja ziko wapi, ni jina la nani lililoandikwa jeshini kuwa la ndugu wa karibu, karo ya watoto italipwaje, na mama mzazi atapata fungu gani. Siri ya kazi ni ya jeshi, na mke mwema huiheshimu. Lakini mambo ya nyumba si siri ya jeshi. Yafaa yasemwe kabla gari la kikosi halijaondoka.